Kumbukumbu ya mwaka ya mzee wetu: tujenge kaburi, tupike, au tuache?

Dada mmoja wa Newala ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa 11, alikuwa Mwanglikana tangu utoto wake. Sasa ndugu wanataka tumfanyie kumbukumbu ya mwaka. Kamati imepanga kulijengea kaburi na kuliweka taili, kuchinja ng'ombe, fulana zenye picha yake, na kila mtoto atoe laki 3 tukishapata hela ya korosho. Mdogo wangu wa kiume ameokoka, anasema hiyo ni ibada ya wafu na hatakanyaga. Baba mkubwa naye anasema kabla ya yote lazima umwagwe unga kaburini mzee aambiwe, la sivyo wajukuu wataumwa. Nusu ya ukoo wetu ni Waislamu na wao walishamsomea arobaini. Mimi nimechoka. Kwani kwa Mkristo kumbukumbu maana yake nini hasa, na tufanye au tuache?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Ukoo ukianza kugawanyika juu ya kaburi inauma kuliko hata siku ya msiba wenyewe. Nimefundisha makatekista huku Masasi miaka mingi na swali hili linakuja kila minada ya korosho ikikaribia, maana ndo wakati hela ipo na ndo wakati koo zinakaa kikao. Nitajibu kwa kirefu, nivumilie, kwa sababu nikikuambia tu fanya au acha utarudi nyumbani na vita ileile.

Ukiisoma Biblia vizuri utaona watu wakiambiwa wakumbuke hawaambiwi wakae kimya wawaze, wanaambiwa wafanye kitu. Pasaka kwenye Kutoka 12 ni mwanakondoo, ni mkate usiotiwa chachu, ni familia imekaa pamoja alafu mtoto anauliza, huu utumishi maana yake nini? Na angalia jibu analotakiwa kupewa kwenye Kutoka 13:8, mzazi anasema ni kwa sababu ya yale Bwana aliyonifanyia mimi nilipotoka Misri. Anasema mimi! Huyo mzazi anaweza kuwa amezaliwa miaka mia nne baadaye, Misri hajawahi kuiona, lakini siku ile anaingia ndani ya habari ya wazee wake mpaka inakuwa ya kwake. Yoshua 4 ni hivyohivyo, mawe 12 yametolewa katikati ya Yordani yakasimamishwa Gilgali, na sababu inatajwa waziwazi, ni ili watoto waulize. Mawe yale bila mtu wa kuyasimulia ni mawe tu. Hilo liweke akilini tukifika kwenye taili.

Alafu kuna sehemu ambayo sisi wa huku ingetakiwa tuijue kwa moyo, Kumbukumbu la Torati 24 mwishoni. Ukivuna shamba lako ukasahau mganda usirudi kuuchukua, ukichuma zeituni usirudie matawi, ziwe za mgeni na yatima na mjane, na sababu kubwa anayopewa mkulima ni hii, kumbuka ulikuwa mtumwa nchi ya Misri, ndiyo maana nakuamuru kufanya hivi. Yaani kumbukumbu inamfuata mtu mpaka shambani, inamgusa kwenye gunia lake. Sasa sisi Wakristo wa Masasi tumetokea wapi? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja kupitia Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wametoka Unguja, nia ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi upande wa Ziwa Nyasa lakini wakaishia Masasi na hao ndio wakawa chanzo cha kanisa huku. Kule Unguja kwenyewe palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873, huyohuyo Steere akajenga kanisa kuu, na watu wanaonyeshwa altare kwamba ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Huo ni ukumbusho wa kweli, mahali pa kilio pamegeuzwa mahali pa mkate. Kanisa lililozaliwa hivyo likifanya kumbukumbu ambayo mjane wa ukoo analazimishwa kukopa ili atoe laki 3, basi limesahau lilikotoka, nasema bila kuficha.

Kitovu cha yote ni Meza ya Bwana. Usiku ule wa kukamatwa Yesu alichukua mkate akasema fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu, Luka 22:19. Hakuacha sanamu, hakuandika kitabu, hakuagiza kaburi lake lipambwe, na lile kaburi lenyewe lilikuwa la kuazimwa na siku ya tatu likawa tupu. Aliacha chakula cha kuliwa pamoja. Na Paulo anasema kila tunapoula mkate huo na kukinywea kikombe tunaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo, kwahiyo kumbukumbu ya Kikristo ina macho mbele pia, inamngoja mtu anayekuja. Hapo ndipo tunapotofautiana na maombolezo ya kawaida. Tunamkumbuka aliyekufa huku tunasubiri afufuke.

Lakini watu wengi hawajui Paulo aliyaandika maneno hayo akiwa amekasirika. Soma 1 Wakorintho 11 kuanzia mstari wa 20. Wakorintho walikuwa wanakutana kwa ajili ya chakula cha Bwana, wenye navyo wanawahi kula vya kwao, mwingine ana njaa na mwingine amelewa, na Paulo anawauliza, mnawatahayarisha hao wasio na kitu? Ndipo anawakumbusha usiku ule wa mkate. Mimi nikisoma pale naona kabisa shughuli zetu za huku, meza kuu ina soda na nyama ya kutosha, wamama waliopika tangu usiku wanakula ukoko, na majirani waliochimba kaburi mwaka jana wamesimama nje ya turubai. Chakula siyo tatizo dada. Tatizo ni chakula kinachowapanga watu kwa mifuko yao.

Sasa tuje kwa baba mkubwa, na naomba msimdharau kwa sababu ana hofu ya kweli na heshima ya kweli kwa ndugu yake. Kwa Wayao na Wamakua na Wamakonde unga kuwekwa kaburini au chini ya mti wa ukoo ni jambo la tangu enzi, ni namna ya kusema bado tuko pamoja. Wamisionari wengine walifuta kila kitu lakini huku kwetu haikuwa hivyo, Vincent Lucas aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa 1926 alilichukua jando akalitia sala na mafundisho ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Kwahiyo kanisa la huku lina uzoefu wa kuchuja mila na siyo kuzitupa zote kwenye shimo moja.

Ukichuja hapa, kinachobaki na kinachotoka ni nini? Kumheshimu mzee, kwenda kaburini, kulisafisha, kukaa pale, kumtaja jina, hata kulia, vyote hivyo vinabaki. Kinachotoka ni ile "la sivyo wajukuu wataumwa". Pale kumbukumbu imegeuka kuwa malipo, tunamlipa marehemu asitudhuru, na hiyo imani haiwezi kukaa nyumba moja na ufufuo. Torati ililiona hilo mapema, kwenye Kumbukumbu la Torati 26:14 Mwisraeli akileta fungu lake la kumi anatamka kwamba hakutoa chochote humo kwa wafu. Baba yenu alibatizwa. Yuko mikononi mwa Kristo, hana njaa ya unga wetu wala hana kinyongo cha kumpelekea mjukuu wake homa. Mtoto akiumwa mpelekeni hospitali akapime malaria.

Na kuna jambo moja ningependa baba mkubwa aambiwe taratibu, jioni mkiwa mmekaa, siyo kwenye kikao. Hofu yake iliyo chini kabisa nadhani ni kwamba mdogo wake atasahaulika, na akisahaulika atakuwa amepotea kabisa. Hiyo hofu tunayo wote. Injili inaijibu kwa namna ambayo mimi binafsi imenibeba kwenye misiba yangu. Mnyang'anyi pale msalabani hakuwa na mtoto pembeni wala kamati wala kaburi la kueleweka, alisema tu, Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako, na akajibiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Isaya 49 Mungu anasema hata mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye lakini yeye hatasahau, amewachora watu wake kwenye vitanga vya mikono yake. Anayetunza kumbukumbu ya baba yenu ni Mungu. Sisi wajukuu wa tatu wa nne huko mbele tutamsahau, ndo ukweli, nani kati yetu anajua jina la baba wa babu wa babu yake? Lakini mzee hashikiliwi na vichwa vyetu. Ukishalijua hilo unaweza kufanya kumbukumbu bila woga, unafanya kwa upendo tu, na hata ukiwa huna uwezo mwaka huu hakuna kitakachoharibika kwake.

Mdogo wako naye ana hoja nusu. Anachokataa, yaani kuwaabudu wafu, sote tunakikataa. Wakristo wa mwanzo kabisa walishutumiwa jambo hilohilo. Karibu mwaka 155 Polikarpo askofu wa Smirna, kwenye nchi ambayo leo ni Uturuki, alichomwa moto, waumini wakaikusanya mifupa yake wakaiweka mahali pa heshima na wakasema watakutana hapo kila mwaka kuiadhimisha siku ile kwa furaha kama siku ya kuzaliwa kwake, kuwakumbuka waliotangulia na kuwaandaa watakaofuata. Na walieleza wenyewe kwamba Kristo tunamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, mashahidi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani, tunawapenda kama wanafunzi wake. Kuabudu na kupenda, mpaka ni huo. Mwambie mdogo wako Waebrania 13:7 inaamuru tuwakumbuke waliotuongoza tukiutazama mwisho wa mwenendo wao tuige imani yao. Sasa kama baba ndiye aliyewafundisha Baba Yetu wewe na yeye, kumkumbuka ni utii.

Pale mnapotofautiana kweli ni kumwombea marehemu, na hapo makanisa hayako sawa tangu zamani. Wakatoliki wana 2 Makabayo 12 kwenye Biblia yao, Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, anakusanya drakma za fedha kama 2,000 anazipeleka Yerusalemu kwa ajili ya waliokufa vitani kwa kuwa aliamini ufufuo, na wana siku ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba, ambayo ilianza kushika karibu mwaka 998 kwa Odilo, abati yaani mkuu wa monasteri ya Cluny kule Ufaransa. Waorthodoksi wanasali siku ya 3, ya 9 na ya 40, kwahiyo arobaini hata kwa Wakristo ipo. Waprotestanti wengi na Wapentekoste wanaona hatima ya mtu imefungwa siku ya kifo, hawamwombei ila wanamshukuru Mungu kwa ajili yake. Anglikana ya Masasi ilijengwa na misheni iliyokuwa na mwelekeo wa kikatoliki sana, ndo maana kuwataja marehemu altareni kwenu ni kawaida. Mimi nawaombea wafu wangu. Lakini simlazimishi mdogo wako aitikie sala ambayo dhamiri yake inakataa, mpeni yeye sehemu ya kusoma somo, mathalani 1 Wathesalonike 4 kuanzia 13, na sala ya shukrani. Atakuja, utaona.

Na ndugu zenu Waislamu wamefanya kwa imani yao na kwa upendo, washukuruni, na siku yenu wakaribisheni, nyama achinje Mwislamu ili wote wale. Huku kwetu hilo wala siyo la kujadili.

Kuhusu pilau na ng'ombe kaburini kuna habari moja naipenda mno, ya Monika, mama yake Agostino yule askofu na mwandishi mashuhuri wa kanisa la kale, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, pande za Algeria ya leo. Kwao ilikuwa desturi kwenda kwenye makaburi ya mashahidi na uji, mkate na divai. Alipohamia Milano akafanya hivyo na mlinzi wa mlangoni akamzuia, kumbe Askofu Ambrosi alishakataza, kwa sababu ulevi ulikuwa umeingia na mambo yalifanana mno na karamu za wapagani kwa wafu wao. Agostino anasimulia kwamba mama yake hakubishana, akaacha kile kikapu, akawa anaenda na moyo uliojaa sala na alichokuwa nacho akawapa maskini. Alafu mwaka 387 akiwa anakufa huko Ostia, mbali na kwao, mwanawe mwingine akahuzunika kwamba atazikwa ugenini, Monika akawaambia uzikeni mwili huu popote, msihangaike nao, ninachoomba tu mnikumbuke kwenye altare ya Bwana popote mtakapokuwa. Agostino huyohuyo baadaye aliandika kwamba mazishi ya fahari ni faraja kwa walio hai kuliko msaada kwa waliokufa. Sijaona jibu zuri kuliko hilo kwa kamati yenu.

Kwahiyo taili siyo dhambi. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli, Mwanzo 35:20, na mvua za huku zinabomoa tuta la udongo haraka, kulijengea ni busara hasa kama kaburi liko shambani na shamba linaweza kuuzwa kesho. Ila kuna nguzo nyingine, ya Absalomu, 2 Samweli 18:18, alijisimamishia mwenyewe akiwa hai kwa kuhofia jina lake litapotea, na leo tunamkumbuka kwa uasi wake. Kisha weka pembeni yake yule mwanamke wa Bethania aliyemimina marhamu, Marko hata jina hakumtaja, na Yesu akasema popote injili itakapohubiriwa alilotenda litatajwa kwa kumbukumbu lake. Jengeni kwa saruji, wekeni msalaba, jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, basi. Hela ya taili ina kazi nyingine nitakayokuambia.

Niseme na hili japo hukuliuliza, maana mkoa wetu na Lindi tuna deni nalo. Tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, vita vya Majimaji vikiwa vimeanza, Askofu Mkatoliki Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na muda mfupi baadaye misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa. Wanakumbukwa kanisani na ni haki yao. Lakini waliokufa kwenye vita ile wengi mno ni wakulima wa huku, na zaidi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vyakula, na miaka 12 baadaye, Oktoba 1917 kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, pale Mahiwa karibu na Nyangao wakafa tena askari wa Kinigeria na wapagazi ambao wengi wao hatuyajui majina yao. Mimi naamini sala ya marehemu inayosaliwa huku ikiwataja wale wenye majina tu haijakamilika. Siku yenu mkimtaja baba, tajeni na wasio na wa kuwataja.

Sasa fanyeni hivi, kama ningekuwa kwenye kikao chenu. Nendeni kwa padre wenu mapema, mwombe jina lake litajwe kwenye Misa ya Jumapili iliyo karibu na tarehe aliyofariki, hiyo ndo kumbukumbu yenyewe na haina gharama. Baada ya ibada nendeni kaburini, msalaba ubarikiwe, baba mkubwa ndiye awe wa kwanza kuongea, amsimulie mdogo wake alivyokuwa kijana, wajukuu wakae mbele wasikie, na waruhusiwe kuuliza maswali hata ya kijinga. Mkirudi nyumbani kuleni, ubwabwa na maharage inatosha, mbuzi akipatikana sawa, na waliochimba kaburi wale kwanza. Fulana mimi ningeziacha, picha moja ya mzee mezani inatosha. Mchango kila mtu atoe anachoweza kimyakimya kwa mweka hazina, yasisomwe majina na viwango hadharani.

Alafu hela itakayobaki, na itabaki, ulizeni baba aliacha deni gani. Kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa mwenye duka, kwa jirani aliyemkopesha dawa ya kupulizia mikorosho, kwa kibarua aliyepalilia hakulipwa, kwa sababu hao wanamkumbuka kwa namna nyingine kabisa. Lipeni kwa jina lake. Ikibaki tena, angalieni kwenye ukoo mtoto gani amekwama ada au sare. Kikao chenu kikimalizika niandikie tena, hasa nataka kujua baba mkubwa alisemaje.